Filamu noir na riwaya zake: mwongozo kamili wa kuchagua toleo, diski na deki

Touch of Evil, filamu ya Orson Welles ya mwaka 1958, ipo katika matoleo matatu: moja la dakika 96 hivi, jingine la 109, na la tatu la 111. Jina kwenye kava ni lile lile na sura ni zile zile. The Big Sleep nayo ipo mara mbili. Detour ilizunguka kwa miongo kadhaa katika nakala zilizochakaa kiasi kwamba watu walidhani ilipigwa vibaya tangu mwanzo. Anayenunua kwa kuangalia kava na bei anacheza bahati nasibu. Kazi ina mpangilio wake: kitabu kwanza, halafu toleo, halafu diski, halafu deki na runinga. Kosa la hatua moja huonekana kwenye hatua inayofuata, wakati hela imeshatoka.

Kwa filamu noir tunakusudia filamu za uhalifu za Marekani za miaka ya 1940 na 1950, kuanzia The Maltese Falcon (1941) hadi hiyo Touch of Evil. Jina ni la Kifaransa kwa sababu ni mhakiki wa Ufaransa, Nino Frank, aliyezipachika mwaka 1946. Aliyekulia kwenye vibanda vya video akiamini kwamba steringi hafi, ajiandae: huku steringi hufa, na mara nyingine ndiye anayekusimulia huku damu ikimtoka.

Hatua ya 1: Anza na kitabu

Filamu nyingi za noir zilizo bora zilitoka kwenye riwaya, na riwaya ni rahisi kupata kuliko diski. Kwa anayeanza, kitabu kimoja kinalipa kuliko vyote: Crime Novels: American Noir of the 1930s and 40s, kilichotolewa na Library of America mwaka 1997. Ndani yake mna riwaya 6 kamili, na zote 6 zilifanywa filamu. The Postman Always Rings Twice ya James M. Cain ina filamu ya 1946. They Shoot Horses, Don't They? ya Horace McCoy ilingoja hadi 1969. Thieves Like Us ya Edward Anderson ndiyo They Live by Night ya Nicholas Ray. The Big Clock ya Kenneth Fearing ni filamu ya 1948. Nightmare Alley ya William Lindsay Gresham ina filamu mbili, 1947 na 2021. I Married a Dead Man ya Cornell Woolrich iligeuzwa No Man of Her Own mwaka 1950. Kwa kitabu kimoja unapata orodha ya kununulia diski kwa mwaka mzima.

Dashiell Hammett na Raymond Chandler hawamo humo. Watafute peke yao. Aliyezoea Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mwenye kiko chake na utulivu wa kufumbua fumbo, ataona tofauti mara moja. Mpelelezi wa Hammett hakai akawaza. Huwachokonoa watu mpaka mmoja akosee, na yeye mwenyewe hupata cha kwake katika vurugu hiyo.

Angalia pia majina, maana filamu mara nyingi haibebi jina la kitabu. Out of the Past (1947) ni riwaya iitwayo Build My Gallows High. Murder, My Sweet (1944) ni Farewell, My Lovely ya Chandler, na hadithi hiyo hiyo ilikuwa imeshatumika mwaka 1942 katika The Falcon Takes Over, kisha ikarudi 1975 kwa jina lake halisi ikiwa na Robert Mitchum. Unapotafuta dukani au mtandaoni, tafuta jina la filamu pamoja na mwaka na mwongozaji. Jina peke yake litakuletea kitu kingine.

Hatua ya 2: Amua ni toleo lipi la filamu unalolitaka

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu hawajui kama kuna la kuamua.

The Big Sleep ilimalizwa 1945 na kuonyeshwa kwa wanajeshi wa Marekani waliokuwa ng'ambo, dakika 116. Studio ikairudisha jikoni. Ikaondoa mandhari ambamo mpelelezi Marlowe anaeleza ofisini kwa mwendesha mashtaka nani kafanya nini, ikaongeza ile ya Humphrey Bogart na Lauren Bacall wakizungumzia farasi wa mbio huku wote wawili wakijua si farasi wanaozungumziwa. Toleo la 1946 lina dakika 114. La 1945 linaeleweka zaidi. La 1946 linapendeza zaidi, na wala halijali kama umeelewa. Diski ya Warner Archive ya mwaka 2015 inayo yote mawili, kwa hiyo huna haja ya kuchagua. Tazama la 1946 kwanza.

Touch of Evil inahitaji uangalifu zaidi. Studio ilimnyang'anya Welles uhariri. Alipoona walichofanya, mwishoni mwa 1957 aliwaandikia waraka wa kurasa 58 akieleza mabadiliko anayoyataka. Walichukua machache. Mwaka 1998 Walter Murch aliihariri upya akifuata waraka huo, na hilo ndilo toleo la dakika 111. Kulitambua huchukua sekunde chache: katika toleo la studio, ile picha ndefu ya mwanzo inayofuata gari lenye bomu imefunikwa na majina ya waigizaji na muziki wa Henry Mancini, katika la 1998 majina hayapo, na muziki unaousikia unatoka kwenye redio za magari na milango ya vilabu inayopitwa. Kasha la Kino Lorber, kampuni ya diski ya Marekani, la 2022 na lile la Eureka ya Uingereza la 2011 yana matoleo yote matatu. Diski yenye toleo moja tu isiyosema ni lipi, iache.

Kiss Me Deadly (1955) ina tatizo dogo lenye madhara makubwa. Kwa miaka mingi nakala zilizosambaa zilikosa sehemu ya mwisho: nyumba inalipuka na filamu inakatika, kana kwamba mpelelezi Mike Hammer na katibu wake Velda wameteketea ndani. Sehemu hiyo ilirudishwa 1997, na humo wanaonekana wakijikokota hadi kwenye maji ya bahari. Kama diski yako inaishia kwenye nyumba bila watu, una nakala ya zamani.

Hatua ya 3: Soma dakika kwenye kava, na jua hesabu ya PAL

Dakika ndicho kitambulisho cha haraka cha toleo, lakini kwenye DVD za Ulaya dakika hudanganya. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Mfumo wa PAL, ule wa runinga na DVD za Ulaya, unaonyesha 25. Zamani waliharakisha tu filamu nzima, kwa hiyo ikafupika kwa asilimia 4 na sauti zikapanda kidogo. Kupata dakika za PAL, zidisha dakika halisi kwa 0.96. Double Indemnity ya dakika 107 inakuwa 103, na hakuna kilichokatwa.

Mtego uko hapa: Touch of Evil ya 1998, dakika 111, kwenye DVD ya PAL inasomeka kama 107. Mtu anaiona 107 na kudhani kapata lile la 109 lililopunguzwa kidogo. Vivyo hivyo The Big Sleep ya 1945 kwenye PAL ni dakika 111, pungufu kuliko ya 1946 kwenye diski ya Marekani. Kabla ya kulinganisha namba, uliza kwanza: hii ni DVD ya PAL, DVD ya NTSC (mfumo wa Marekani) au Blu-ray? Blu-ray ya filamu huwa inakwenda kwa kasi halisi, popote ilikotengenezwa.

Hatua ya 4: Uliza nakala mama ilitoka wapi

Nakala mama ni ile iliyoskaniwa na kutengenezewa diski. Filamu kadhaa za noir hazikuhuishwa haki zake nchini Marekani na zikaangukia milki ya umma: Detour (1945), Scarlet Street (1945), D.O.A. (1949), The Hitch-Hiker (1953). Maana yake yeyote anaweza kuziuza, na wengi wameziuza kutoka nakala za milimita 16 zilizopitia vituo vidogo vya runinga. Dalili: nyuso nyeupe kama chokaa, kila kilicho kivulini kimezama, sauti ina mvumo, na picha inacheza juu chini. Zipo mtandaoni bure kwa namna hiyo hiyo, kwa hiyo usilipe hata senti kwa diski ya namna hiyo.

Sasa tazama kinachowezekana. Detour ilirekebishwa na Academy Film Archive pamoja na The Film Foundation, na Criterion wakaitoa 2019. Chanzo bora kilichopatikana kilikuwa nakala ya nitrati kutoka Ubelgiji, yenye maandishi ya Kifaransa na Kiflemi yaliyochomwa ndani ya picha yenyewe. Ilibidi yafutwe kwa kompyuta, picha moja moja. Ukiziweka nakala mbili sambamba utadhani ni filamu mbili. Too Late for Tears (1949) na Woman on the Run (1950) nazo ziliokolewa na Film Noir Foundation ya Eddie Muller pamoja na UCLA, zikatolewa na Flicker Alley mwaka 2016.

Kwenye maelezo ya diski tafuta maneno matatu: jina la taasisi iliyorekebisha, mwaka wa kuskani, na aina ya kanda iliyoskaniwa, kama ni hasi asilia (kanda ile ile iliyokuwa kwenye kamera) au nakala. Kava linalosema tu "remastered" bila lolote kati ya hayo halijasema kitu.

Bidhaa nyingine ya kuijua ni diski za kuchomwa kwa agizo. Warner Archive walianza nazo 2009: DVD-R, si DVD ya kiwandani. Igeuze, upande wa chini wa DVD-R una rangi ya zambarau, wa kiwandani ni fedha tupu. Data ya DVD-R imeandikwa kwenye rangi ambayo joto na mwanga huiharibu. Blu-ray za Warner Archive ni za kiwandani, hizo hazina shida hiyo.

Hatua ya 5: Namba ya eneo, na umeme

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hili lina uzito kuliko kwa mtu wa New York. Kwenye DVD, Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo ziko eneo la 5. Oman na nchi za Ghuba ziko la 2 pamoja na Ulaya. Marekani ni la 1. Kwenye Blu-ray, Afrika yote, Ulaya na Mashariki ya Kati ni eneo B; Marekani ni A. Diski za 4K hazina eneo kabisa.

Matokeo yake kwa mnunuzi:

- Blu-ray za Criterion na Kino Lorber za Marekani ni za eneo A. Deki ya kawaida iliyonunuliwa Dar es Salaam, Nairobi au Muscat itazikataa.
- Blu-ray za Warner Archive kwa kawaida hazijafungwa. Ndizo za kuanzia.
- Blu-ray za Uingereza huchezeka: Eureka, Arrow, Criterion ya Uingereza, na makasha ya Columbia Noir ya Indicator, la kwanza likiwa la 2020 lenye filamu 6. Kwa bei ya kila filamu, makasha hayo yana nafuu.
- Kasha lenye diski ya 4K na Blu-ray pamoja: ya 4K itacheza, ya Blu-ray huenda ikagoma. Hakikisha nyongeza unazozitaka haziko kwenye ile itakayogoma.

Deki nyingi za DVD hufunguliwa maeneo yote kwa tarakimu za rimoti. Tafuta mtandaoni kwa namba ya modeli. Blu-ray ni ngumu zaidi. Hapo nunua deki iliyokwisha kufunguliwa na muuzaji, na uwe mwangalifu na masasisho ya programu, maana yanaweza kuifunga tena. Kwenye kompyuta, kifaa cha kusomea DVD hukubali kubadilishwa eneo mara 5 tu. Ya tano ndiyo ya kudumu.

Ukiletewa deki kutoka Marekani, geuza usome kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka. Kikisema 100–240V, unahitaji plagi tu. Kikisema 120V, umeme wetu wa 230 au 240 utaiunguza siku ya kwanza, na hapo ni transfoma au hasara.

Onyo moja kuhusu diski za Ufaransa: baadhi hulazimisha manukuu ya Kifaransa unapochagua sauti ya Kiingereza, na rimoti haiyaondoi. Uliza kabla.

Hatua ya 6: Tengeneza runinga

Noir ni filamu ya weusi wa aina nyingi. Runinga ikitoka kiwandani hubakiza weusi wa aina moja.

Chagua kwanza hali ya Filmmaker, au Movie, au Cinema, vyovyote runinga yako inavyoiita. Zima Noise Reduction zote, zima kinachoitwa Motion au Smooth, zima Dynamic Contrast. Sharpness ishushe hadi sifuri au pale ambapo mtengenezaji anasema ni katikati. Sababu: chembechembe unazoziona zikitembea kwenye picha ndizo filamu yenyewe. Kichujio kikizifuta, hufuta pia vinyweleo vya sura na uzi wa koti, na watu wanabaki kama sanamu za nta.

Kisha rangi. Filamu ni nyeusi na nyeupe, lakini runinga iliyowekwa kwenye Cool huipaka buluu. Weka Warm. Siku mbili za mwanzo itaonekana ya manjano. Macho yakizoea hutataka kurudi.

Kosa linalowasumbua watu kwa miaka bila kulijua ni la mpangilio wa HDMI kati ya deki na runinga. Picha ya video hutumia viwango 16 hadi 235, ya kompyuta 0 hadi 255. Deki ikituma kwa namna moja na runinga ikapokea kwa nyingine, ama vivuli vyote huzama kuwa doa moja jeusi, ama weusi wote hugeuka majivu. Fungua menyu zote mbili, ya deki na ya runinga, weka Limited (yaani 16 hadi 235) kwa zote au Auto kwa zote. Halafu simamisha picha ambamo mtu mwenye kofia nyeusi amesimama mbele ya ukuta wa giza. Pandisha Brightness mpaka ukingo wa kofia uonekane, kisha rudisha kidogo mpaka sehemu nyeusi ya pembeni iwe nyeusi kweli.

Juu ya sehemu hizo nyeusi za pembeni: zinatakiwa kuwepo. Filamu za kabla ya 1953 zilipigwa kwa uwiano wa 1.37, runinga ni 1.78. Picha sahihi kwenye Blu-ray ina upana wa pikseli 1480 hivi kati ya 1920, na pikseli 220 tupu kila upande. Picha ikijaa kioo chote, ama imevutwa, ama imekatwa vichwa. Tafuta kitu cha duara, saa ya ukutani au gurudumu. Likiwa yai, bonyeza kitufe cha uwiano kwenye rimoti.

Hatua ya 7: Kagua diski wakati bado unaweza kuirudisha

Usiiweke kabatini kwanza. Ichezeshe yote, hasa dakika 20 za mwisho: data huanzia katikati ya diski kwenda nje, na kwenye diski ya tabaka moja kasoro za ukingoni hujitokeza mwishoni. Angalia ukungu, moshi wa sigara na mapazia ya vibao. Ukungu ukionekana una ngazi ngazi, data ilibanwa kupita kiasi. Vibao vya pazia vikitoa meno kama ya kitana mtu anapopita, picha ilitoka kwenye mkanda wa runinga wala si kwenye filamu.

DVD za mitumba zina hatari yake. Mwaka 2025 Warner walikiri kwamba baadhi ya DVD zao zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2008 zinaharibika zenyewe. Makasha ya tatu na ya nne ya Film Noir Classic Collection ni ya 2006 na 2007. Ukiyakuta kwa bei poa, ijaribu kila diski mpaka mwisho, pande zote mbili kama ina pande mbili.

Hatua ya 8: Soma na kutazama sambamba

Hollywood ya wakati huo ilifungwa na kanuni za maadili zilizosimamiwa kwa nguvu tangu 1934: mhalifu lazima aadhibiwe, uzinzi usivutie, mengine yasitajwe. MGM walinunua The Postman Always Rings Twice mwaka 1934 na hawakuweza kuifanya filamu mpaka 1946. Waitalia hawakungoja: Luchino Visconti aliitoa kama Ossessione mwaka 1943, bila haki.

Kwa hiyo unaposoma, weka alama ya penseli penye mambo haya, kisha tazama filamu imeyafanyaje: nani anasimulia, nani muuaji, adhabu inatoka wapi, na sura ya mwisho inaishia kwa nani.

Mildred Pierce ya Cain haina mauaji. Filamu ya 1945 inaanza na mauaji, ili pawe na wa kuadhibiwa. Katika Double Indemnity kitabuni wapenzi wawili wanaishia melini wakipanga kujiua pamoja. Billy Wilder alimfanya muuaji aungame kwenye mashine ya kurekodia sauti ofisini, akapiga pia mandhari ya chumba cha gesi, kisha akaikata kwa kuona imezidi. In a Lonely Place ni kinyume: katika riwaya ya Dorothy B. Hughes ya 1947 mhusika mkuu ni muuaji kweli. Katika filamu ya 1950 si muuaji, na bado mwanamke hawezi kukaa naye. Hilo si kanuni zilizoipunguza hadithi. Filamu imepata kitu ambacho kitabu hakikuwa nacho.

The Maltese Falcon ya Hammett soma kabla. John Huston alikifuata kitabu kwa karibu mno, unaweza kukishika mkononi filamu ikiendelea na kufuatilia mazungumzo. Kisha tafuta ile ya 1931 na Satan Met a Lady ya 1936 uone kitabu hicho hicho kikitoka ovyo mikononi mwa wengine. Nightmare Alley soma baada ya filamu ya 1947, la sivyo dakika zake za mwisho zitakukera: studio ilibandika faraja pale ambapo Gresham hakuacha hata chembe.

Kutunza, hasa pwani

Simamisha diski kama vitabu, usizilaze. Joto la nyuzi 18 hadi 22 na unyevu wa asilimia 40 hadi 50 ndilo lengo. Mombasa au Zanzibar hutalifikia bila kiyoyozi, kwa hiyo tumia kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vifuko vya silika, uvikaushe au uvibadilishe vikilowa. Mbali na ukuta unaopigwa jua la mchana. Ukungu ukitokea, futa kwa kitambaa laini na maji yaliyochujwa, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe. Mkwaruzo unaokatiza njia ya data, deki huuvumilia. Unaofuata njia hiyo huifuta. Kwenye Blu-ray data iko milimita 0.1 tu chini ya uso wa diski, wakati ya DVD iko 0.6, kwa hiyo usikubali fundi yeyote aipitishe Blu-ray kwenye mashine ya kusugulia DVD.